Kulizunguka Ziwa Chala kwa Baiskeli: Hesabu ya Mlima, Saa na Maji

Ziwa Chala huwezi kulizunguka kwa kufuata ukingo wake. Naanza na hilo kwa sababu kila ninapomwambia mwendesha baiskeli mwenzangu hapa Moshi kwamba napanga kulizunguka, jibu huwa lilelile: "Si saa moja tu hiyo?" Kweli, ziwa lenyewe ni dogo, kilomita za mraba 4 na ushee. Lakini limekaa ndani ya shimo la volkano, kuta zake zinashuka ghafla hadi majini, na mpaka wa Tanzania na Kenya unapita katikati ya maji. Juu ya ukingo kuna vijia vya wavuvi na wachungaji, kwingine vichaka na mawe tu. Anayetaka kuzunguka kwa tairi, tena kihalali, inabidi atoke mbali kabisa na ziwa na kulichukua pamoja na bega zima la mashariki la Kilimanjaro.

Njia yangu ni hii. Kutoka Himo napanda Marangu, nashika barabara ya Rombo kupitia Mwika, Mamsera, Mkuu, Mashati na Useri hadi Tarakea. Hapo navuka mpaka kuingia Illasit, nashuka upande wa Kenya kupitia Njukini hadi Taveta, narudi nyumbani kwa Holili na kufunga mduara palepale Himo. Ziwa linabaki mkono wa kulia siku nzima, ingawa muda mwingi hulioni. Jumla ni takribani kilomita 150. Ukianzia Moshi mjini na kurudi Moshi, unapita 200.

Huko Ulaya kuzunguka ziwa la milimani kwa baiskeli ni jambo la kawaida. Ziwa Geneva, ambalo Uswisi na Ufaransa wamegawana, ukilizunguka kwa barabara unapata kilomita kama 180, na watu wengi hulimaliza kwa siku moja. Nimesoma sana namna wanavyojipanga, nikajifunza mengi: kula kabla ya njaa, kuanza taratibu, kutomfuata mwenye miguu kuliko wewe. Ila kuna mambo ambayo hayaji kwetu. Barabara yao kwa sehemu kubwa haiendi mbali na maji, kwa hiyo haipandi sana. Mwezi Juni wao wana mwanga wa zaidi ya saa 15, sisi tulio karibu na ikweta tuna 12 hivi mwaka mzima. Halafu wao wanavuka mpaka bila kushusha mguu, wakati mimi nitapanga foleni mara mbili nikiwa na jasho na pasipoti.

Ndiyo maana nasema mzunguko huu haupangwi kwa kilomita. Kilomita 150 za tambarare, mtu mwenye mazoezi anazimaliza na jioni anakwenda sokoni. Hizi zinapangwa kwa vitu vitatu: unapanda mita ngapi, jua liko wapi unapopanda, na chupa zako zina nini unaposhuka kwenye joto. Ukikosea kimoja, viwili vilivyobaki vinakuadhibu.

Tuanze na kupanda. Himo iko chini, kwenye joto la tambarare. Marangu Mtoni iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Katikati yake ni karibu mita 500 za kupanda ndani ya kilomita zisizofika 15. Mlima huo unaonekana wote, unajulikana, una lami nzuri na kona zake zinakupa mahali pa kupumulia. Wengi wanauogopa huo. Mimi naogopa kinachofuata.

Kutoka Mwika kwenda Mkuu, na kutoka Mkuu kwenda Tarakea, barabara haipandi mlima, inaukata ubavuni. Kilimanjaro upande huu imechanwa na makorongo mengi, kila moja likiteremka kutoka msituni kwenda tambarare, na barabara inalazimika kuyavuka moja baada ya jingine. Unashuka kwa kasi, unakata kona, unapita daraja dogo lenye baridi na harufu ya majani yaliyooza, na pale unapomaliza daraja tu mlima unasimama mbele yako kama ukuta. Unapanda hadi mgongoni, kuna duka, kuna kanisa, kuna watoto wanaopiga kelele "mzee, kaza!", halafu unashuka tena. Hakuna korongo hata moja ambalo kwa peke yake litakushinda. Tatizo ni kwamba hayaishi, na kila daraja linakunyang'anya kasi uliyoipata kwa mteremko.

Na hapa ndipo ramani za simu zinapodanganya watu. Nilichora njia hii kwenye programu mbili tofauti nikapata majibu mawili yaliyopishana vibaya kuhusu mita za kupanda. Sababu si siri. Programu nyingi huchukua urefu wa ardhi kutoka vipimo vilivyofanywa kutoka angani, kama vile vya chombo cha anga za juu cha Endeavour mwezi Februari 2000, ambavyo vinagawa dunia katika miraba ya mita 30 hivi. Korongo jembamba lililofunikwa na miti na migomba linaweza kupotea ndani ya mraba kama huo, au daraja likahesabiwa kana kwamba barabara imezama hadi mtoni. Programu moja inalainisha, nyingine inazidisha. Kwa hiyo nilipanda gari la abiria hadi Tarakea, nikakaa dirishani upande wa bondeni na daftari mapajani, na kila tulipovuka korongo nikaweka alama: fupi, refu, au la kushuka na kusukuma. Daftari hilo ndilo naliamini. Konda aliniuliza kama natoka serikalini.

Baada ya hapo nilipeleka baiskeli kwa fundi wangu wa mtaa wa Majengo, mzee ambaye ametengeneza baiskeli tangu zile za chuma zilizobeba maziwa kutoka vijijini. Nilimweleza njia. Hakuuliza kilomita. Aliigeuza baiskeli juu chini, akazungusha pedeli kwa mkono mmoja, akauangalia mnyororo unavyopita kwenye meno.

"Mwanangu, gia yako ndogo kabisa hapa mbele ina meno mangapi?"

"34, mzee."

"Na kubwa ya nyuma?"

"28."

"Badilisha ya nyuma. Weka 34."

Alichukua kipande cha chaki akanionesha sakafuni. Meno 34 mbele na 34 nyuma maana yake mguu ukizunguka mara moja, tairi nalo linazunguka mara moja, na tairi la baiskeli yangu likizunguka mara moja linakwenda mita 2 na kidogo. Nikipiga mizunguko 60 kwa dakika natembea kama kilomita 7 na nusu kwa saa. Inaonekana kama mwendo wa mtu anayetembea haraka, na ndivyo ulivyo. Lakini kwenye mlima unaopanda mita 8 kwa kila 100, mwendo huo unanipandisha mita 600 kwa saa nzima. Kwa gia yangu ya zamani ningeweza kupanda hivyohivyo kwa korongo la kwanza na la pili, kisha magoti yangeanza kulalamika, na magoti yakianza huwa hayasamehi siku hiyo. Kuzungusha kwa wepesi kunachosha mapafu, na mapafu yanapumzika ukishuka. Kusukuma gia nzito kunakula misuli, na misuli inapumzika kesho.

Alibadilisha pia mpira wa breki mbele na nyuma, akakaza spoku mbili za tairi la nyuma zilizokuwa zinalia, akaniambia nibebe tyubu mbili na viraka, kwa sababu miiba ya mgunga kule chini haiheshimu tairi la mtu. Nilimsikiliza kwa yote.

Mazoezi nafanya barabara ya Mweka. Ukitoka mjini unapita kwenye kahawa na migomba, unakipita Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori kilichoanzishwa mwaka 1963, unaishia kwenye lango la hifadhi lililo juu ya mita 1,600. Karibu mita 800 za kupanda bila kushuka kwa maana. Kipimo changu ni rahisi: nikiweza kupanda Mweka, kushuka, kunywa chai, na kupanda tena nikiwa bado naweza kuongea sentensi nzima, basi Rombo naiweza. Anayepanda mara moja na kulala kwenye majani langoni, namshauri asubiri. Kusubiri hakuna aibu yoyote. Bega la mlima halihami.

Sasa saa. Watu wameniuliza kwa nini nisianze na upande wa ziwa asubuhi, wakati wa ubaridi, nikalione nikiwa na nguvu. Inavutia. Lakini ukifanya hivyo unafika Illasit na Tarakea mchana, na makorongo ya Rombo unayakuta na jua la utosi na miguu iliyokwisha. Mimi naona bora kinyume. Kupanda Marangu gizani-gizani likipambazuka, kuwa Mwika kabla watu hawajajaa barabarani, na kuyamaliza makorongo wakati migomba na miti bado inatoa kivuli kirefu. Halafu upepo. Mchana upande huu upepo wa kawaida unatokea mashariki na kusini mashariki, na kipande cha mwisho, Taveta hadi Himo, kinaelekea magharibi. Mtu aliyechoka anayesukumwa mgongoni na upepo anafika nyumbani na heshima yake.

Kuna sababu nyingine, na hii siyo ya kubishania. Barabara ya Moshi hadi Himo alfajiri inapitiwa na mabasi ya Dar es Salaam, na malori yanayokwenda Holili hayapungui. Sitaki kuwa pembeni ya lami ile kabla jua halijachomoza, taa au hakuna taa. Kwa hiyo naweka baiskeli juu ya gari hadi Himo na mzunguko unaanzia hapo. Wapo watakaosema nimekwepa kilomita 50 na zaidi. Waseme. Mzunguko ni mduara, na mduara unaanzia na kuishia Himo. Kile kipande cha Moshi ni mkia tu.

Hesabu yangu ya siku inakwenda hivi: kuondoka Himo saa 12 asubuhi, Marangu Mtoni kabla ya saa 1 na nusu, Mkuu saa 4, Tarakea isizidi saa 6 na nusu. Mkuu hadi Tarakea ni kilomita 32 hivi, na kwa daftari langu hizo ndizo ghali kuliko zote. Mashati nina shangazi. Nilipomweleza mpango wangu kwa simu alinyamaza kidogo, akasema, "Magari yote hayo yamejaa barabarani, mwanangu, na wewe unakuja na miguu?" Kisha akauliza nataka mtori mzito au mwepesi. Mwepesi, shangazi, na chumvi ya kutosha. Mtori wa ndizi na nyama unanipa maji, chumvi na wanga kwa pamoja, na tumbo la mtu wa hapa linaujua. Vile vipakiti vya sukari nzito wanavyotumia wenzetu wa mashindano nabeba viwili kwa dharura tu.

Mpaka unahitaji maandalizi ya mapema kuliko baiskeli. Mtanzania anaweza kuvuka kwa pasipoti au kwa hati ya dharura ya safari inayotolewa na Uhamiaji. Kitambulisho cha taifa peke yake hakitoshi kwa safari hii. Pasipoti yangu naiweka kwenye mfuko wa nailoni wa kufunga, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano na shilingi za Kenya kiasi cha maji, chakula na tyubu moja. Lazima ugonge muhuri wa kutoka Tarakea na wa kuingia Illasit. Vijana wengi wa Rombo wanajua vichochoro vya kuvukia, na wapo watakaokuonesha kwa wema kabisa. Usivifuate. Ukifika Holili bila muhuri wa kuingia Kenya, utaeleza nini? Holili na Taveta wana kituo cha pamoja, kwa hiyo kutoka na kuingia kunamalizikia kwenye jengo moja, na baiskeli haina mzigo wa kukaguliwa.

Baada ya Illasit mambo yanabadilika. Tarakea iko juu ya mita 1,500, Taveta iko kama mita 750, na kati yake ni kilomita 66 hivi. Kwa kawaida hewa hupata joto karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazoshuka, kwa hiyo unaongeza nyuzi nne au tano kwa urefu peke yake, na wakati huohuo ni saa 8 mchana na kivuli cha migomba kimebaki nyuma. Ni mteremko mpole, unapendeza, unajisikia umeshamaliza. Hapo ndipo watu wanapoacha kunywa. Upande wa Rombo duka liko kila unapogeuka. Huku vijiji vimeachana. Natoka Illasit na lita 3, mbili kwenye fremu na moja mgongoni, na moja kati ya hizo ina chumvi kidogo na sukari. Nakunywa kwa saa, sisubiri kiu: nusu lita kila dakika 40.

Upande huu pia ni njia ya tembo. Wanatembea kati ya Tsavo Magharibi, Amboseli na miteremko ya Rombo, na wakulima wa chini, pande zote mbili za mpaka, wanakesha mashambani kulinda mahindi. Kwa mtu wa baiskeli hii si hadithi ya kitalii. Maana yake ni moja: usiwe kwenye barabara hii jua likizama, na ukiona kinyesi kibichi barabarani simama uulize watu kabla ya kuendelea. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya saa 6 na nusu ya Tarakea.

Na ziwa? Kutoka barabara ya Taveta kuna njia ya vumbi inayochepuka kwenda ukingoni, na nimeitengea saa nzima ambayo sitaipunguza hata nikichelewa kwa kula. Unapanda kidogo kwenye majani makavu, huoni kitu, kisha ardhi inakatika na maji yako chini kabisa, siku nyingine ya buluu, siku nyingine ya kijani. Hakuna mto mkubwa unaoingia. Maji mengi yanakuja kwa chini, ni mvua iliyonyesha Kilimanjaro ikazama kwenye mawe ya volkano. Yaani yale mawingu yanayoniloweshea shati Marangu asubuhi ni ndugu wa maji haya. Kina chake kinafika mita 90 hivi, na tope la chini halivurugwi. Mwaka 2016 wanasayansi walitoboa sakafu ya ziwa kutoka kwenye jukwaa linaloelea, wakapata tabaka za matope zinazohifadhi habari za mvua na ukame wa takribani miaka 250,000. Nikifikiria kwamba historia yote hiyo imelala chini ya maji ambayo mtu anayaona ni ya saa moja tu, napata hamu ya kuyapitia polepole. Kuogelea sitaogelea. Mamba wameshaua mtu hapo.

Kutoka Taveta kwenda Holili unapita jirani na vilima vya Latema na Reata, ambako mwezi Machi 1916 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipigana usiku kucha, na walioanguka hawakuwa wazungu peke yao. Nitakuwa nimechoka, lakini nitasimama hapo.

Njia za kukatiza zipo, na mpango usio na njia za kukatiza sio mpango. Ya kwanza ni Mwika: kutoka hapo kuna lami inayoshuka moja kwa moja hadi Kilacha, kwenye barabara ya Himo na Holili. Nikifika Mwika baada ya saa 3, nashuka huko na siku imeisha vizuri. Ya pili ni Mkuu, ambako magari ya abiria ya kurudi Moshi hayakosekani na makonda hawakatai baiskeli ukilipa nafasi ya mtu. Ya tatu ni Tarakea yenyewe. Ikipita saa 6 na nusu sivuki mpaka. Nalala Mashati kwa shangazi, nageuka asubuhi.

Tarehe nimeweka mwanzoni mwa Agosti, masika yamekwisha, barabara imekauka na joto la chini halijapanda kama la Januari. Asubuhi kutakuwa na ukungu Marangu, kwa hiyo koti jepesi na taa nyekundu ya nyuma ni lazima, hata mchana. Anayetaka kuungana nasi awe ameshapanda Mweka mara mbili kwa siku moja, awe na pasipoti au hati mkononi kufikia katikati ya Julai, na akubali kwamba saa za kugeuza ni za wote. Akichelewa mmoja Tarakea, tunageuka wote.